Gervasi Ashusha Mawese, Apakia Watu

Kijiwe chetu kiko Kibirizi, juu kidogo ya mwalo wa boti, pale Shadia anapouza kahawa. Wenyewe ni Pastory, tunayemwita Redio kwa kupenda habari, Nasri, tunayemwita Balozi ingawa hajawahi kuvuka hata ziwa, na mimi. Asubuhi hiyo mwalo mzima ulikuwa unamzungumzia Gervasi, mwenye boti. Jana yake alikuwa upande wa Kongo, boti imejaa madumu ya mawese, bunduki zikaanza kulia. Watu wakateremka mbio ufukweni. Akashusha madumu yote mchangani, akapakia watu, akavuka nao salama.

— Ile vita siyo ya wale vijana wenye bunduki, akaanza Redio. Ile ni Mmarekani na Mchina. Madini ya kobalti, kaka. Betri ya simu yako hiyo.

— Simu yangu hii ya tochi? nikamuuliza.

— Hata ya tochi!

Balozi akatikisa kichwa.

— Umemsahau Mrusi. Huyu anampa silaha huyu, yule anampa yule. Halafu wote wanakutana hotelini kuleta amani, na kila mmoja hataki mwenzake aonekane ndiye aliyeileta. Sasa itadumu vipi?

Shadia akaacha kumimina kahawa. Ni mara chache Balozi kusema kitu cha maana. Tatizo hajui pa kuishia.

— Na humu ziwani kuna nyambizi zao. Dagaa wamepungua kwa nini?

— Mbalamwezi, Balozi! Shadia akacheka. Mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki, basi!

Tukiwa katika kicheko hicho, Gervasi akatokea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake alikuja mwanamke mmoja aliyejifunga kanga ya kuazima.

— Mwakeye, akatusalimia Gervasi kwa Kiha.

Redio akasimama, akampisha nafasi yake. Sijawahi kumwona akimfanyia mtu hivyo.

— Wewe ni noma, kaka, alisema Balozi. Madumu yote yale?

— Mawese yatakamuliwa mengine.

— Hukuogopa?

— Niliogopa sana. Kamba ya mashine iliniponyoka mara mbili.

Akanywa kahawa aliyopewa na Shadia kwa mkupuo mmoja.

— Huyu ni dada Catherine. Mama yake alibaki na wengine kwenye matete, boti ilikuwa imejaa. Narudi kuwachukua.

Redio akamshika mkono.

— Usiende, Gervasi! Wakubwa wanakutana wiki hii. Ngoja wapatane kwanza.

Catherine akamgeukia. Alisema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao:

— Shikamoo, baba. Bale bakubwa bakipatana kule kwabo, ni nani atakuja kuambia bale beko na bunduki ku mlango ya kwetu?

Redio akaweka kikombe chini. Balozi akatazama ziwa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Shadia akatutazama mmoja mmoja, sisi wenye maneno.

— Upepo umetulia, alisema Gervasi, akainuka.

Redio akaliwahi dumu la petroli, akalibeba begani. Balozi akakunja suruali. Tukaisukuma boti mpaka maji yakatufika kiunoni, mashine ikaunguruma, Gervasi akaenda.

Siku ile kijiweni hakuna aliyetaja taifa lolote. Catherine alikaa karibu na Shadia akichambua mchele, macho yakiwa majini.

Kesho yake mchana boti ikaonekana. Catherine aliingia ziwani na kanga yake kabla boti haijafika. Mama yake alikuwa mbele kabisa, mdogo kama mtoto, mzima. Balozi alimbeba mgongoni hadi nchi kavu, na yule mama akamshika kichwa kwa mikono miwili akimbariki, Balozi akilia bila kujificha.

Gervasi hakupanda kijiweni. Alipomshusha mtu wa mwisho alijilaza palepale ndani ya boti, usingizi ukamchukua. Jua lilikuwa kali. Redio akaingia taratibu, akavua shati, akasimama akiwa amelitandaza juu ya uso wa Gervasi.

Watu walikuja kuuliza habari. Redio aliwaashiria kwa kichwa tu wapite.