Kondoo Wenye Upele

Wahunni walikuwa wamekwisha kuwafukuza maadui wao Wayuezhi, na sasa familia za washindi zilikuwa zikihamia kwenye malisho waliyoyateka. Mzee Bukhai aliendesha mkokoteni wa ng'ombe. Nyuma yake wanawake wawili waligombana kwa sauti iliyowafanya hata ng'ombe wainamishe vichwa.

"Chukueni tu," alisema Sulan, aliyefiwa na mume juzi. "Mumeo ndiye aliyeutoa mwili wa mume wangu vitani. Anayeleta maiti hurithi mali, ndiyo desturi yetu. Kondoo sasa ni wenu, hema ni lenu."

"Kondoo gani, shoga? Wale wenye upele?" Yeji aliguna. "Jemadari alikuwa amelala maiti palepale, mwenye farasi mia. Mume wangu Hutar akamruka jemadari, akambeba fukara wako. Hebu niambie, alifuata nini?"

"Labda walikuwa marafiki."

"Hawakupata kula sahani moja! Nawe huna hata shemeji wa kukurithi. Sasa unalala hemani kwangu, na mume wangu ameanza kuchana ndevu."

Bukhai, ambaye mwenyewe angejitwika maiti ya jemadari na kutimua mbio, aliona hoja ya ndevu ina uzito.

"Mimi sikumtuma, dada."

"Afadhali ungemtuma!"

Mkokoteni ulisimama mtoni. Hutar akaja juu ya farasi, kiriba cha maji mkononi, akiwatazama ng'ombe tu.

"Una kiu?" aliuliza.

Wanawake wote wawili waliitika kwa pamoja.