Bi Kioo, Aliyesugua Magoti ya Watu

Marehemu, ambaye majirani na wafanyakazi wenzake walimwita Bi Kioo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi saa na mkewe mshona mapazia. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, kitindamimba wa nyumba ile, ambaye alipewa maagizo mapema: "Siku hiyo usinipambe. Useme nilikuwa mkali, ndipo watu watakuamini na hayo mengine." Basi na isemwe mwanzoni kabisa kwamba marehemu alikuwa mkali, na masikio ya mdogo wake ni mashahidi.

Alianza shule mwaka 1960 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1971. Hesabu aliziweza, kuwahi shuleni kulimshinda. Siku moja aliadhibiwa kwa kuchelewa, akapewa kengele ya shule aisugue. Ilikuwa nyeusi kama chungu. Jioni ilimeta hivi kwamba mwalimu mkuu aliweza kuchana nywele mbele yake, na tangu siku hiyo mwalimu huyo akawa anamtafutia makosa ili na vikombe vya michezo vipate kusafishwa. Marehemu alisema baadaye kwamba muhula ule alichelewa mara mbili tu lakini aliadhibiwa mara kumi na moja.

Mwezi Mei 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha mabomba ya maji, kitengo cha kung'arisha, na hapo ndipo alipopata jina lake, kwa kuwa hakuachilia bomba mpaka aone meno yake ndani yake. Mwaka 2005 kiwanda kilifungua karakana ya viungo bandia, naye akahamishiwa huko kwenye meza ya nusu goti. Kwa faida ya wasiojua: goti la mtu likilika upande mmoja tu, hakuna haja ya kulibadilisha lote. Hospitali hulipiga picha, na karakana hutengeneza kipande cha chuma kwa vipimo vya mfupa wa mtu huyo huyo, kisichomfaa binadamu mwingine yeyote. Kipande huja mezani na mfano wa mfupa uliotengenezwa kwa plastiki, pamoja na kadi yenye namba. Majina hubaki kwa msimamizi. Kazi ya Bi Kioo ilikuwa kukisugua kwa gurudumu la kitambaa mpaka kiteleze bila kukwaruza.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na tarishi aliyekuwa akileta barua getini pale kiwandani, ambaye sote tunamfahamu kwa jina la Posta. Walijaliwa binti na mwana. Posta alitembea kilomita kumi na tano kila siku ya kazi, na akifika nyumbani alipumzika kwa kutembea. Kila jioni saa kumi na moja wawili hao walitoka hadi kituo cha zimamoto na kurudi. Mwendo wenyewe ni wa dakika arobaini, lakini wao walichukua saa nzima na robo, maana marehemu alisimama kukagua miguu ya wapita njia. "Yule wa koti la bluu, goti la kulia, upande wa ndani," alimwambia mumewe, na asiishie hapo, bali amfuate mwenye koti amwambie na yeye. Wengi walikasirika. Watatu walienda hospitali, na baada ya miezi michache magoti yao yakapita mezani kwake.

Kuanzia mwaka 2006 goti lake mwenyewe la kushoto lilianza kumsumbua. Hapo ndipo hodari huyu wa kuona miguu ya wenzake alipopofuka. Alisema ni baridi. Alisema ni viatu. Ilipofika mwaka 2009 akaacha matembezi ya jioni, akadai kwamba kuzurura hakumpendezi mtu wa umri wake. Posta akawa anatoka peke yake na kurudi baada ya dakika thelathini na tano. Hakulalamika, lakini alikonda, na siku moja alimwambia shemeji yake kwamba barabara ile imekuwa ndefu mno.

Mwishoni mwa mwaka 2011 alimbembeleza mkewe apigwe picha tu, wajue. Picha ikasema upande wa ndani umekwisha kabisa, wa nje mzima. Nusu goti lingetosha. Marehemu akakataa katakata. "Nani atanisugulia? Yule kijana wa zamu ya mchana anayesugua kama anafuta meza? Na mimi siwezi kujisugulia. Kinyozi hajinyoi."

Posta alirudi kwa daktari peke yake, kofia mkononi. Daktari akamwambia kuagiza kipande kunawezekana, ila kumpasua mtu bila saini yake hakuwezekani. "Wewe agiza tu, daktari," akasema Posta. "Saini niachie mimi. Miaka thelathini na tano nimekuwa nikisainisha watu."

Jumanne ya tarehe 7 Februari 2012, kadi yenye namba 0418, kushoto, ilifika meza ya Bi Kioo. Alishika ule mfupa wa plastiki, akaugeuza mara mbili, karakana nzima ikamsikia.

"Jamani! Huyu ni mtu au nyumbu? Amelitembelea hili kwa miaka mitano, sita! Hana mwenzake nyumbani wa kumwambia?"

"Anaye," msimamizi akajibu bila kuinua macho. "Hasikii."

"Basi ni mjeuri."

"Mjeuri kweli kweli, Bi Kioo."

"Na huyo mwenzake anavumiliaje?"

Msimamizi akasema hilo halijui, ila anavyosikia bwana yule amekonda.

Kipande cha siku moja marehemu alikisugua siku tatu. Alisema anamhurumia huyo bwana aliyekonda, na kwamba huenda mjeuri mwenyewe akiona kazi nzuri namna ile ataona haya. Ijumaa alikiweka chini ya taa, akaona meno yake, akaridhika. Hapo msimamizi akafungua daftari la majina, akaliweka mbele yake. Mafundi wote wakazima mashine. Marehemu alisoma jina lake mara moja, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Ningejua ni langu," akasema, "ningelilipua kama yule kijana wa zamu ya mchana."

Kisha akalia, jambo ambalo karakana ile haikuwahi kuliona. Saini ilipatikana jioni hiyo hiyo. Alipasuliwa tarehe 20 Machi 2012, na daktari akasema kipande kilikaa kana kwamba kilizaliwa humo. Mwezi Juni akarudi barabarani na mumewe, na kwa miaka kumi na moja hawakukosa jioni isipokuwa za mvua kubwa. Alistaafu mwaka 2014. Kukagua watu hakustaafu.

Mwaka huu wa 2023 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa tarehe 28 Agosti. Muuguzi alipomuuliza anaumwa wapi, alijibu, "Kila mahali isipokuwa goti." Alifariki Jumamosi tarehe 9 Septemba, alfajiri, mumewe akiwa ameketi kando ya kitanda. Alikuwa na miaka sabini.

Ameacha binti mwalimu, mwana fundi umeme, wajukuu watano, kaka mmoja na mdogo wake huyu. Ameacha pia magoti yapatayo elfu moja na mia tisa, yakiwa yanatembea. Baadhi yamefika hapa leo, na wenyewe wanaombwa wakae, kwa sababu marehemu hakupenda yasimamishwe muda mrefu bila sababu.

Na ameacha mume. Tangu Jumamosi Posta ametoka kila jioni saa kumi na moja. Anatembea ukingoni, upande wa magari, na ule wa ndani anauacha wazi. Juzi mdogo wake marehemu aliona si vizuri, akaingia pale pembeni ili amsindikize. Walikuwa hawajafika hata kwenye kona Posta alipomshika mkono.

"Shemeji, punguza mwendo," akamwambia. "Sisi hatuendi hivyo."

Dada, pumzika kwa amani, ukiwa umenyoosha miguu yote miwili.