Lengalenga za Kati ya Mistari

Mbele ya kibanda cha Chisanga, fundi wa kuziba mipira ya pikipiki katika mtaa uitwao komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, kuna ubao mrefu wa kukalia. Mama Kiki huweka thermos yake ya kahawa upande wenye kivuli, na kila alasiri wale wale hukaa pale pale. Chisanga huitwa Profesere kwa sababu hakuna asilolijua. Osée, dereva wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, huitwa Dokta kwa kuwa aliwahi kulazwa hospitalini miezi miwili. Mzee Rigobert, vye kwa wote pale, huitwa Archives, ghala la kumbukumbu: huandika daftarini kila uzazi, ubatizo na kifo cha ukoo wake tangu babu yake alipokuja kujenga reli, na tarehe ikikosewa kwa siku moja hapati usingizi. Siku ile hakuwa amegusa kikombe. Mkewe Albertine alikuwa katika siku ya kumi na moja ya kuumwa tumbo, na binti yao Deborah alikuwa amempeleka kwenye kituo cha afya, ng'ambo ya barabara. Rigobert alisema hawezi kwenda, magoti yanamuuma. Hayakuwa magoti.

— Vye Archives, kahawa inapola, alisema Mama Kiki. Mama Albertine iko namna gani?

— Ni tumbo tu. Inamuchoma, inajaa hewa, kisha anaharisha.

Halafu akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia habari za jirani:

— Profesere, ile dawa ya kuua majani. Muntu akikula kintu yenye kupulizwa, inamufanya nini?

— Inabakiaka kidogo tu, vye. Lakini haba na haba hujaza kibaba!

— Mi nilisikia ku radio, alidakia Osée. Mu tumbo yetu muko tududu tuzuri, njo tunasagaka chakula. Ile dawa inaweza kuua tule tududu. Banasema bangali banatafuta, habajakuwa hakika.

— Tududu tuzuri! Mama Kiki alicheka. Dokta, weye iko na minyoo.

— Cheka tu! Tule tududu tukikufa tote, bukari ya mahindi itabakia mu tumbo kama simenti.

— Simenti iko afazali, alisema Chisanga, akiweka chini mpira aliokuwa anaukwangua. Muskie muzuri. Jani, unalipulizia leo, siku tatu linakauka. Na utumbo ni nini? Kintu laini kama jani. Donc nayo itakauka! Siku moja utasikia tumbo ya muntu inalia kra, kra, kama mahindi ya mwezi wa tano.

— Yesu wangu! alisema Mama Kiki.

— Basi anywe ingine juu yake, alisema Osée. Dawa ya moto njo moto.

— Weye uanze, alisema Chisanga. Tutaandika ku msalaba: alizimwa.

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja.

— Nilipulizia ile dawa siku ya ine ya juma, tarehe kumi na mbili, alisema Rigobert. Jembe imenishinda. Nilipita kati ya mistari ya mahindi.

Kicheko kikakatika. Kila mke wa mkulima katika upande ule anajua kuwa lengalenga, yaani mchicha, iliyo tamu ni ile isiyopandwa na mtu, inayojiotea katikati ya mahindi. Mwanamume huiona majani. Mwanamke huiona mboga.

— Kesho yake nilikuwa ku matanga. Albertine akaenda kuchuma. Niliporudi, iko mu sahani.

— Na ukakula? aliuliza Mama Kiki.

— Nilisema nimekula kwa bafiwa.

— Na yeye?

— Nilijiambia imeoshwa, imechemka. Nikamuangalia anakula.

Chisanga akamsogelea.

— Vye, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo nyamaza. Usitie bantu woga.

— Profesere, ile maneno si ya kunyamazia! alisema Mama Kiki.

Deborah akavuka barabara mbio, karatasi na kalamu mkononi.

— Papa, infirmier mwenye kumutunza mama anauliza anakulaka nini. Mama anasema ni lengalenga ya shamba yetu tu, haina dawa, bwana wake hawezi kupulizia kintu. Anasema nikuulize, ju weye njo unaandikaka byote. Niandike vile?

Rigobert alitazama ile karatasi.

— Usiandike vile. Andika: nilipulizia. Mama yako nitamuambia miye mwenyewe.

Deborah akainamisha kalamu.

— Dawa gani, papa? Jina yake?

Rigobert akamgeukia Chisanga, aliyempeleka kwa muuzaji kule sokoni. Chisanga akautazama mpira wake. Yule muuzaji aliimimina dawa kutoka kwenye pipa hadi kwenye chupa ya maji, chupa tupu isiyo na karatasi ya jina, na hakuna kati yao aliyeuliza ni dawa gani. Osée, aliyejua hata tududu twa tumboni, akainama kufunga kamba za viatu.

— Papa, infirmier anangoja.

Mzee Rigobert akasimama, akamshika binti yake bega, akavuka barabara bila jina la dawa la kumpelekea mkewe.