Tairi Jembamba la Muuza Maziwa

Muuza maziwa alipanda basi na tairi la baiskeli lililopasuka, akalipakata kama mgonjwa. "Leo nitamvisha hili shingoni yule mwenye duka aliyeniuzia! Maziwa yote yamemwagika, kesho wateja watanikimbia!"

Mama wa kiti cha pili akalipapasa. "Jembamba hili, kaka. La mashindano, nawe unabebea madebe. Upepo ulipimaje?"

"Kwa kidole gumba, kama baba yangu!"

"Kidole chenyewe kigumu kama kwato! Kitahisi nini?"

Abiria wakaangua kicheko. Yeye akavimba kuliko tairi lilivyowahi kuvimba. "Atanipa jingine, nene!"

"Hakupi."

"Umejuaje, wewe?"

Basi likasimama mbele ya duka la baiskeli. "Nipishe nishuke, shemeji. Mume wangu yumo humo dukani."

"Shemeji gani! Tangulia!" alifoka, akamfuata na tairi lake.