Benchi Lililokwenda Lufira

Adolphine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani aliposikia kelele kwenye kona: kamyo, lile lori lililopeleka watu kutembea mtoni Lufira, imerudi. Mtindo wa Elisabethville ulikuwa huo. Bazungu walikwenda kutazama maji kila Jumapili, Siku ya Mungu, hawavui, hawaogi, wanarudi mikono mitupu. Watu wa cité, mtaa wa weusi, nao wakafuata. Wanaume watatu wa kijiwe cha kahawa cha Adolphine walikuwa wamepanda kamyo na benchi lake, maana bila benchi hawakujua mtu anaongeaje. Kutwa nzima wateja walikunywa wamesimama.

Nafasi moja kati ya zile tatu kwenye kamyo ilikuwa ya Adolphine mwenyewe. Alimwachia mumewe, Floribert, kwa sababu moja. Mama mkwe, mzee Madeleine, alizaliwa Lufira, na miguu yake haitaki tena safari. Kwao, mtoto akifika kwenye mto wa mama yake hunawa uso kwanza, kisha huleta salamu za maji. Mzee alikuwa mlangoni tangu asubuhi, akizingoja.

Benchi likarudi mahali pake. Floribert alikaa katikati. Huku Directeur, ambaye hufagia ofisi ya directeur, mkubwa wa kazi, na huku Kilometa, aliyewahi kuosha magari ya watu na tangu hapo anajua barabara zote. Adolphine, ambaye wote humwita Mama Mimi kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akamimina kahawa.

— Mama Mimi, ile maji inaanguka, we! akasema Directeur. Murefu kupita shemine ya moshi ya kiwanda.

— Mara mbili, akasema Kilometa. Mi nilipima na macho. Inapiga jiwe, inarudia juu.

— Inarudia juu? akauliza Adolphine.

— Si banasema maji ikimwangika haizoleke? Basi inajizola yenyewe.

— Na mamba, akadakia Floribert. Mukubwa, kinywa wazi. Bazungu banapita mbele yake na chapeau kichwani, anabaachia tu.

— Juu ya nini habakule?

— Anaogopa tribunal, batamufunga, akasema Directeur. Mamba ya Lufira iko na akili. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba inaingia wapi hapa?

— Mama, ulikuwa kule?

Adolphine akamwongezea kahawa. Kweli, hakuwa kule.

Ndipo mzee Madeleine akaja na fimbo yake. Alikuwa hajawahi kufika kwenye benchi lile. Wote watatu wakasimama, naye akakaa.

— Mwanangu, maji iko baridi bado?

Directeur akamtazama Kilometa. Kilometa akatazama ndani ya kikombe.

— Baridi ya kadiri, mama, akasema Floribert.

— Karibia.

Mzee akampitishia kidole kwenye paji la uso. Kidole kikatoka chekundu. Adolphine akaangalia nyuso zote tatu: vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, kavu kama matofali.

— Tata Mimi, sema, akamwambia mumewe.

— Kamyo ilisimama juu ya mulima, akasema Floribert polepole. Maji ilikuwa kule chini. Sasa, nani angebakia na benchi?

— Tulisema tushuke moja moja, akasema Directeur. Lakini wa kwanza kushuka, bengine bangebakia banamusema.

— Njo tukakaa, akasema Kilometa. Kisha shofa wa kamyo akapiga honi ya kurudi.

Mzee hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

— Sauti ya maji mulisikia?

— Tulisikia, mama! wakaitikia wote watatu.

— Basi munipe ile. Iko ginsi gani siku hizi?

Floribert akamgeukia Kilometa.

— Kilometa alikuwa anasema saa yote.

Adolphine akaenda kuleta beseni na jagi la maji.

— Naweni. Nyuso zote tatu. Ile vumbi haiingie kwa bukari yangu.

Wakanawa, na hakuna aliyepima chochote kwa macho.

— Siku ya Mungu inayokuya, akasema mzee, Mama Mimi njo ataenda.

— Na kahawa, nani atapika? akauliza Floribert.

— Weye. Benchi nayo inabakia.

Adolphine akapakua bukari, ugali wa mahindi, na sombe, akaanza na sahani ya mzee. Halafu akahesabu vichwa kama kila jioni: mzee, Mimi na wadogo zake wawili, mume, na wale wawili ambao nyumba zao huwa hawazikumbuki mpaka washibe. Wote wapo. Na benchi lipo.