Mwalimu Lwitiko na Kitabu Kinene cha Mlima

Kiangazi cha mwaka 1996, mwezi wa Agosti, Mwalimu Lwitiko Kibona wa Ibaba alifariki katika safari ya kuupanda Mlima Kilimanjaro. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Bibi Marita. Leo imetimia miaka kumi, nami namkumbuka Mwalimu Lwitiko.

Alifundisha hesabu. Chaki aliiweka katika mfuko wa shati, na mama yake mzazi, Tabita, hakuchoka kulalamika.

"Nikifua shati, maji yanakuwa meupe kama uji," ameniambia. "Namwambia, wewe utaoa chaki. Anacheka tu."

Mwaka huo walimu kumi na wawili waliandaa msafara wa Kilimanjaro. Kutoka Ibaba walikwenda wawili: Lwitiko na rafiki yake Fanueli, mwalimu wa jiografia. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona theluji. Kwa hiyo waliteremka hadi Tunduma kutafuta kitabu cha mwongozo. Miaka hiyo biashara ya mpakani ilikuwa imechangamka, na vitabu vya mitumba vilivuka kutoka Zambia katika magunia ya nguo. Zuleha, mama mfanyabiashara, alivipanga mezani pake.

Vya mlima vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa chembamba, jalada limechanika, kimechapishwa miaka mitatu kabla. Cha pili kilikuwa kinene, chenye jalada gumu na picha nzuri, kimechapishwa kabla ya Uhuru.

"Mwalimu, chukua hiki chembamba," Zuleha alimwambia Fanueli. "Nusu yake ni maradhi ya huko juu na namna ya kushuka."

"Dada, sisi ni watu wa Ibaba. Tumezaliwa ndani ya ukungu. Baridi itatufundisha nini?"

"Haya, wana wa ukungu. Theluji mniletee kwenye kikombe."

Lwitiko alikuwa amekifungua kile chembamba. "Labda tuchukue hiki," alisema.

"Wewe mtu wa hesabu, milima niachie mimi."

Wakachukua kinene. Nasema wazi, wasikilizaji wapendwa: hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kitabu cha mlima hutazamwa kwanza mwaka wake. Kisha hutazamwa kama mwandishi ameeleza ni wakati gani mpandaji ageuke na kurudi. Picha hutazamwa mwisho.

Siku ya tatu mlimani, Lwitiko aliamka akiumwa kichwa. Akatapika chai. Kiongozi wa msafara alikuwa akipita kumuuliza kila mtu hali yake. Kabla hajawafikia, Lwitiko alimgeukia Fanueli, na Fanueli akafungua kitabu. Kitabu kilisema kwamba maumivu hayo ni uchovu tu. Mtu apumzike kidogo, kisha aendelee.

"Mwambie u mzima," Fanueli alisema. "Ukisema unaumwa, atakurudisha."

Lwitiko akasema yu mzima. Siku ya nne alipepesuka, akashindwa kulitaja jina la shule yake. Walimteremsha kwa machela. Alifariki kabla ya kufika kwenye lango la chini ya mlima.

Mwezi wa Septemba Fanueli alikwenda tena Tunduma. Kile chembamba kilikuwa bado mezani. Alikisoma akiwa amesimama. Kiliagiza kwamba mwenye kuumwa kichwa na kutapika ateremshwe siku hiyo hiyo. Hakumwambia mtu. Kwa miaka kumi aliikwepa njia ipitayo nyumbani kwa Mama Tabita.

Kwako Mama Tabita, na kwa ukoo wote wa Kibona, pokeeni pole zetu. Nasi tulio hai tujiulize: ni nani tuliyemnyamazisha aliposema "labda"?

Nimalizie kwa jambo la mwezi uliopita. Ibaba watu hulimiana kwa zamu. Kabla ya safari ile, Lwitiko alikuwa amelima siku tatu shambani kwa Fanueli, na zamu ya kulimiwa yeye haikufika. Mwezi uliopita Fanueli alibisha hodi kwa Mama Tabita, akamweleza yote: vitabu viwili, maumivu ya kichwa, na maneno aliyomwambia mwanawe.



"Umechelewa kusema, mwanangu," Mama Tabita alijibu. "Jembe liko pale ukutani."

Fanueli alilima shamba la Mama Tabita siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Alipomaliza tuta la mwisho, alilisafisha jembe kwa majani, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.