Nesi Enid Luxton na Moto wa Yarde ya Juu

Wasikilizaji wapendwa, wekeni birika jikoni mje mkae, maana leo tunamzungumzia mtu ambaye wengi wenu aliwapokea duniani kwa mikono yake. Enid Luxton, nesi wetu wa Marlacombe, alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake karibu na kanisa. Alikuwa na umri wa miaka themanini na tisa.

Enid Luxton. Nesi wa kijiji kwa miaka thelathini na nne. Na ndiye aliyeandika kile kitabu cha kijani juu ya familia zetu na nyumba zetu za mashamba.

Alizaliwa mwaka 1934 katika shamba la Yarde ya Juu, kwenye ile nyumba ya kuta nene za udongo na sakafu ya mawe meusi. Akina Luxton wako pale tangu 1892. Alipoanza kazi alizunguka kwa baiskeli, na mfukoni alikuwa na utepe wa kupimia watoto wachanga. Akishampima mtoto, alipima ukuta. Kisha anauliza: nani alijenga, nani alihama, nani alifia chumba gani. Yote aliandika kwenye daftari.

Bibi Olive Yelland, rafiki yake, alimzaa mwanawe wa kwanza jikoni kwake. "Mimi niko hoi," anasema, "yeye ananiuliza lile dirisha lilizibwa mwaka gani. Nikamwambia, nesi, hebu malizana na kitovu kwanza."

Alistaafu mwaka 1992. Tangu hapo kila Alhamisi alipanda basi kwenda mjini, kwenye makavazi ya kaunti, kusoma karatasi za zamani. Na huko ndiko alikokutana na jambo ambalo hakulitafuta.

Sote tuliokulia hapa tumesimuliwa kisa cha moto. Josiah Heard alikuwa mpangaji wa Yarde ya Juu. Tarehe 14 Oktoba 1891 rundo zima la nyasi kavu za ng'ombe liliteketea. Ikasemwa alikuwa amelewa, na kiko chake ndicho kilichowasha moto. Mwenye ardhi akamtoa, shamba wakapewa akina Luxton. Tangu siku hiyo kila Heard wa Marlacombe akaitwa Kiberiti. Ivor Heard, aliyeendesha lori la maziwa, aliitwa Kiberiti shuleni, na akaitwa Kiberiti kwenye baa mpaka mvi zikamtoka. Enid mwenyewe alipokuwa mdogo aliwahi kulitumia jina hilo, akacheka na wenzake.

Sasa, karatasi ya kwanza ilikuwa barua kwa msimamizi wa mwenye ardhi. Mwandishi anasema alimwona Josiah kwa macho yake, amelewa, kiko mdomoni, kando ya zile nyasi, siku ile ya moto, saa tisa alasiri. Sahihi ni ya Abel Luxton. Abel Luxton ni baba wa babu yake Enid.

Karatasi ya pili ilikuwa rejesta ya mazishi ya kanisa letu. Tarehe 14 Oktoba 1891, saa tisa alasiri. Thirza Heard, miaka minne. Pembeni mchungaji aliandika kwamba baba wa mtoto alilibeba jeneza mwenyewe kwa miguu kutoka shambani.

Tarehe ile ile. Saa ile ile. Josiah Heard alikuwa makaburini, anamzika binti yake.

Bibi Olive anasema Enid aliisoma rejesta mara nne, akitumaini ni mwaka mwingine. Jioni ile basi lilipita kituo chake asijue.

Alimpelekea habari mdogo wake, Mervyn, aliyekuwa bado analima Yarde ya Juu. Alimkuta akikamua. Mervyn alizisoma nakala zote mbili, akazirudisha.

"Waliokufa wamekufa, dada. Andika madirisha. Andika mapaa. Hili liache."

"Ivor hajafa, Mervyn."

"Ukiliandika, usikanyage hapa tena."

Enid aliiandika sura ya moto ule, lakini ikakaa kwenye droo miezi mitatu. Angepoteza nyumba aliyozaliwa, na mdogo wake ambaye yeye Enid alimlea kama mtoto wake mwenyewe tangu mama yao alipougua. Mwishowe akaitoa. Kabla ya kuichapisha, alimpelekea Ivor. Ivor aliisoma amesimama mlangoni. Akauliza swali moja tu: kweli alikuwa na miaka minne? Enid akamwambia minne.

Kwao hakuna aliyejua habari za mtoto. Hata akina Heard wenyewe walikuwa wamekiamini kile kisa. Ivor ametuambia hivi: "Baba yangu amekufa anamwonea haya babu yake. Hilo ndilo linaloniuma."

Kitabu kilitoka mwaka 2011. Enid aliisoma sura ile kwa sauti katika ukumbi wa kijiji, na watu walijaa hadi nje. Mervyn hakuja. Kwa miaka sita ndugu wawili waliishi kijiji kimoja, wakipishana bila salamu. Krismasi sita Enid alikula kwa Olive.

Machi 2017, Mervyn alibisha hodi kwa dada yake. Alikaa saa nzima akieleza habari za ng'ombe. Juzi alitusimulia kilichofuata. "Nikamwambia nimeisoma ile sura. Nikamwambia Abel alisema uongo. Basi. Akaniuliza kama nataka keki."

Jumapili iliyofuata Enid alirudi Yarde ya Juu, na Ivor Heard alikuwa naye. Ivor aliomba aonyeshwe chumba alicholala yule mtoto. Enid, aliyejua kila ukuta wa nyumba ile, akasema hilo hakulipata popote. Basi Mervyn akatangulia ngazini, akafungua vyumba vyote vitano, na Ivor akaingia kimoja baada ya kingine, kofia mkononi, bila haraka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunatoa pole kwa Mervyn na ukoo wote wa Luxton. Pole kwa Bibi Olive. Pole pia kwa akina Heard, ambao wametuambia wanajihesabu kuwa wafiwa. Mazishi ni Ijumaa, saa nane mchana. Vaeni viatu vya matope, njia imejaa maji.

Nasi tuliobaki tuna la kufanya. Leo ukimsikia mtu akiitwa kwa jina la utani, kabla hujacheka, muulize lilianzaje. Kisha msikilize mpaka amalize.